Amelipa Lakini Hatazami: Kisa cha Nyumba Moja ya Katwe

Mteja katika kisa hiki ni mama wa Kikongo, mzaliwa wa Bunia, mkoani Ituri, anayeuza vitenge katikati ya Kampala na kuishi mtaa wa Katwe pamoja na wanawe na mama yake mzazi. Mimi ndiye fundi anayeitwa kila kitu cha umeme kinapogoma nyumbani kwake. Amekubali niandike yaliyomkuta kwa sharti nisitaje jina lake, na kampuni ya filamu za mtandaoni aliyokuwa akiilipa nayo sitaitaja. Si kwa woga. Yaliyomkuta yangemkuta vilevile kwa kampuni nyingine yoyote ya biashara hiyo, kwa kuwa karibu zote zimejengwa kwa mtindo mmoja: anayekuuzia filamu ndiye anayekuamulia utaitazama kwa programu ipi.

Msimamo wangu nautaja mapema. Kampuni za kustrimu, yaani za kuonyesha filamu moja kwa moja kupitia mtandao, ziruhusu mteja aliyelipa atumie programu ya kutazamia iliyoandikwa na mtu mwingine. Sisemi filamu zigawiwe bure, wala kufuli za hakimiliki zivunjwe. Filamu ni kitu kimoja na chombo cha kuitazamia ni kitu kingine, na kuvifunga pamoja kumewatia hasara mteja, kampuni na hata wenye filamu.

Kilichotokea

Mama hana kadi ya benki. Alijiunga kwa kadi ya mtandaoni iliyotolewa kupitia akaunti yake ya pesa za simu, na kila mwezi akahakikisha salio lipo kabla ya tarehe ya makato. Kwa muda nyumba ilitulia. Watoto walikuwa na katuni zao, yeye tamthilia zake za usiku, bibi akitazama chochote kilichokuwa kinapita.

Mambo yalianza kwenda kombo kwenye televisheni. Ni ya inchi 40, ya mkono wa pili, kioo chake safi, spika zake nzima. Jioni moja programu ya kampuni ilifunguka ikatoa ujumbe kwamba kifaa hiki hakitumiki tena. Akanipigia.

“Fundi, nimelipa au sijalipa?”

“Umelipa, mama.”

“Basi mbona televisheni yangu inanifukuza?”

Televisheni haikuwa imeharibika. Chaneli za bure ziliendelea kuingia kupitia dekoda kama kawaida. Kampuni ilikuwa imeacha kuandika toleo jipya la programu yake kwa modeli ile, na seva zake zikaacha kulipokea toleo la zamani. Hili si jambo la nyumba moja. Desemba 2019 Netflix iliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya televisheni za Samsung za miaka ya 2010 na 2011, na Juni 2021 ikaondoka kwenye Nintendo 3DS na Wii U, vifaa vya kuchezea michezo. Kampuni ina haki ya kuchoka kuandika programu kwa vifaa vya zamani, na sioni sababu ya kuilazimisha. Ninachohoji ni kwa nini, ikishachoka, hakuna mwingine anayeruhusiwa kuishika kazi hiyo.

Nilijaribu kivinjari cha ndani ya televisheni, kikashindwa kulifungua kufuli la video. Kompyuta nyumbani hapakuwa. Tukahamia kwenye simu ya mama, moja ya zile za bei nafuu zinazojaa madukani, na hapo tukakutana na tatizo la pili: picha ilikuwa ya ukungu hata mtandao ulipokuwa mzuri. Nikaangalia ngazi ya Widevine kwenye simu. Ilikuwa L3.

Hapa panahitaji maelezo. Widevine ni mfumo wa kufuli za kidijitali wa Google, ulionunuliwa mwaka 2010, na ndio unaolinda video nyingi kwenye Android. Una ngazi. Kwenye L1, ufunguo na video hushughulikiwa ndani ya sehemu iliyotengwa ya prosesa. Kwenye L3 kazi hiyo hufanywa na programu ya kawaida, na kwa hiyo wenye filamu hawaiamini. Kampuni nyingi, Netflix ikiwemo, huipa simu ya L3 picha ya ubora wa kawaida tu, hata kama kioo chake kina uwezo wa HD, yaani picha kali. Mama hakuambiwa haya wakati wa kulipa. Ada haikupungua kwa sababu simu yake ni ya L3.

Tatizo la tatu lilimhusu bibi. Yeye husikia Kiswahili cha Ituri na Kifaransa kidogo. Kiingereza hana. Ana mtoto wa jicho, na manukuu ya chini ya skrini, hata alipoyapata ya Kifaransa, yalikuwa madogo mno. Programu ilikuwa na ukubwa wa aina tatu, na ule mkubwa kabisa bado ulikuwa wa macho ya kijana. Alichokihitaji ni maandishi meupe mazito juu ya mstari mweusi, yakijaza robo ya skrini, au sauti ya mtu anayesimulia kwa Kiswahili. Kwa programu yoyote ya kuchezea video iliyo huru, ombi la kwanza ni mpangilio wa dakika moja. VLC, moja ya programu hizo, iliyozaliwa kwenye mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris mwaka 1996 na kutolewa kwa leseni huria mwaka 2001, inakuruhusu upanue manukuu, uyabadilishe rangi, uyasogeze mbele au nyuma kwa sehemu za sekunde, au upakie faili lako mwenyewe la manukuu. Kwenye programu ya kampuni, unatazama kilichowekwa mezani.

La nne lilikuwa data. Netflix yenyewe hueleza kwamba saa moja ya ubora wa kawaida hula takriban GB 0.7, na HD hadi GB 3. Nchini kwetu data hutozwa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, ulipofutwa ule wa shilingi 200 kwa siku wa mitandao ya kijamii, na juu yake kuna VAT ya asilimia 18. Programu ya kampuni ya mama ilikuwa ikianzisha vionjo vya filamu vyenyewe kila unaposogeza kidole, na haikuwa na mahali pa kusema: leo nyumba hii isizidi MB kadhaa, ukifika hapo simama. Mama alikuwa akinunua data ya wiki na kuiona ikiisha katikati ya wiki. Watoto walipewa lawama ambazo nusu yake zilipaswa kwenda kwa wabunifu wa ukurasa wa mbele.

Aliwaandikia huduma kwa wateja. Jibu lilikuwa na heshima zote, na chini yake orodha ya televisheni zinazokubalika.

Ninavyolichambua

Ukiyaweka matatizo haya pamoja, mengi hayagusi hakimiliki hata kidogo. Mwenye filamu hapungukiwi kitu bibi akisoma maandishi makubwa, wala vionjo vikizimwa, wala televisheni ya zamani ikipata programu iliyoandikwa na kijana wa Makerere badala ya mhandisi wa California. Ni suala la L3 peke yake linalogusa ulinzi, na hilo ninalirudia chini. Mengine yote ni mambo ya dirisha. Ni kama mwenye bucha akuuzie nyama kwa sharti uipike kwenye sufuria yake, na siku sufuria ikitoboka, nyama uliyolipia ikuozee mkononi.

Watu wengi hudhani programu ya kampuni ndiyo inayolinda filamu, na ukiruhusu programu nyingine umefungua mlango wa wizi. Mfumo haufanyi kazi hivyo. Filamu unayostrimu imekatwakatwa vipande vya sekunde chache na kuhifadhiwa kwenye seva pamoja na faili la orodha linalosema kipande kipi kiko wapi na kwa ubora gani. Mpangilio huu si siri ya mtu: aina yake iitwayo HLS ilitolewa na Apple mwaka 2009, na nyingine, DASH, ikawa kiwango cha ISO, shirika la kimataifa la viwango, mwaka 2012. Vipande vimefungwa kwa fumbo. Kifaa chako huomba leseni kwa seva ya kampuni, seva huangalia kama umelipa, kisha hutuma ufunguo kwa moduli ndogo iliyofungwa ndani ya kifaa, kama hiyo ya Widevine. Moduli hiyo ndiyo inayofungua video. Programu unayoiona, yenye nembo na rafu na vitufe, haiushiki ufunguo. Inaomba tu na kuonyesha.

Ushahidi uko kwenye kompyuta yoyote. Fungua huduma hizi kwa kivinjari cha Firefox, na unatazama filamu iliyofungwa kupitia programu ya Mozilla, shirika ambalo halina hisa kwenye kampuni ya filamu. Chrome, Edge na Safari ni hivyohivyo. Tangu Septemba 2017, W3C, shirika la viwango vya wavuti, ilipoidhinisha kiwango cha EME cha kuchezea video zenye kufuli ndani ya kivinjari, tena kwa ugomvi mkubwa uliolifanya EFF, shirika linalotetea haki za watumiaji wa mtandao, lijiuzulu uanachama, kampuni za filamu zimekuwa zikikubali kila siku watazamaji waje kwa programu za watu wengine. Na kwa kuwa kivinjari kinakubali viongezeo, wapo walioandika viongezeo vya kuonyesha manukuu ya lugha mbili kwa pamoja kwa wanaojifunza lugha, na vingine vya marafiki walio mbali kutazama kwa wakati mmoja na kupiga soga. Hollywood haikuanguka. Mwenye kompyuta ndogo amepewa uhuru ambao mwenye simu ya bei nafuu na televisheni ya mkono wa pili amenyimwa. Sijawahi kusikia sababu ya kiufundi ya ubaguzi huo.

Programu huria ya kuendeshea sinema nyumbani, iitwayo Kodi, ilipotoa toleo lake la 18 Januari 2019 iliongeza uwezo wa kucheza video zenye kufuli kupitia moduli halali kama Widevine. Maana yake njia ya kiufundi ipo tayari: mtu analipa, anaingia kwa akaunti yake, kufuli linafunguliwa na moduli ileile, ila sura na mipangilio ni ya mtu mwingine. Kinachokosekana ni ruhusa, na lango rasmi ambalo mwandishi wa programu anaweza kulitegemea bila hofu ya kuamka siku moja akute limefungwa.

Lango la aina hiyo liliwahi kuwapo. Oktoba 2008 Netflix ilifungua API, yaani lango la programu kuomba taarifa zake, kwa waandishi wa nje. Haikuwakabidhi video zenyewe, lakini iliwapa katalogi na foleni ya mtazamaji, na kukatokea tovuti na programu za kutafuta filamu kwa njia ambazo kampuni haikuwa imezifikiria. Machi 2013 ikaacha kuwapa waandishi wapya funguo za kutumia lango hilo, na Novemba 2014 ikalifunga kabisa. Kwangu mimi kilichobadilika ni mahali pesa inapopatikana. Ukurasa wa mbele ndio kampuni inapokusukumia filamu ilizotengeneza yenyewe, ndipo inapopima kidole chako kilisita wapi, na siku hizi ndipo inapouza matangazo. Ukimruhusu mtu mwingine achore ukurasa huo, umempa rafu za duka. Naielewa hofu hiyo kuliko ile ya wizi, na ningependa kampuni ziiseme kwa jina lake.

Maana hoja ya wizi, hapa Kampala, haina miguu. Filamu mpya hufika kwenye laibrari zetu muda mfupi tu baada ya kutoka, na msomaji wa hapa anajua ni laibrari gani ninazozungumzia: vibanda vyenye kompyuta moja, mabango ukutani na kijana wa kukunakilia filamu kwenye flashi. Kufuli zote za Widevine hazijamnyima mteja wa laibrari filamu hata moja. Zimemnyima mama wa Katwe, aliyelipa.

Laibrari ilimshinda wapi mwenye filamu

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike. Mama aliposhindwa na televisheni, mwanawe mkubwa alienda laibrari ya jirani akarudi na flashi. Televisheni ileile iliyofukuzwa na kampuni iliisoma bila ubishi. Picha safi. Hakuna data iliyoliwa. Na juu ya sauti ya filamu palikuwa na sauti ya VJ.

Kwa msomaji aliye nje ya Uganda: VJ ni msimulizi anayetafsiri filamu huku ikiendelea, anaeleza, anatania, anampa mhusika wa Hong Kong jina la mtaa wa Kampala, anaonya kwamba yule jamaa ana kisu. VJ Jingo na VJ Junior ni majina yanayojulikana nchi nzima. Sanaa hii ilikulia kwenye vibanda vya video na Afrika Mashariki nzima inaijua: Tanzania walikuwa na Lufufu, Kenya wana DJ Afro. Wengi wa VJ wetu husema Kiluganda, na wapo wa lugha nyingine. Flashi zenye tafsiri ya Kiswahili hupatikana pia, nyingi zikitoka ng'ambo ya mpaka. Bibi alipata moja ya hizo. Kwa mara ya kwanza tangu ahamie Kampala aliifuata filamu kutoka mwanzo hadi mwisho, na akabishana na msimulizi.

Kampuni ya filamu ikimpoteza mteja kwa namna hii hujiambia kwamba imeshindwa na bei. Nyumba hii haikuondoka kwa ajili ya bei. Mama alikuwa akilipa kwa hiari, na angeendelea. Laibrari ilimpa chombo kinachokubali televisheni yake, kisichokula data, chenye sauti anayoielewa mama yake. Alinunua dirisha bora, na filamu ikaja nyuma yake ikiwa imeibwa.

Sasa fikiria dirisha hilo likiwa halali. Programu iliyoandikwa Kampala inacheza filamu kutoka kwenye seva za kampuni, kwa akaunti iliyolipiwa, kufuli likifunguliwa na moduli ileile. Pembeni inapakua faili la sauti la VJ, la MB chache tu, na kulicheza sambamba na filamu. VJ analipwa kwa faili lake. Studio inalipwa kwa filamu yake. Hakuna nakala iliyotengenezwa. Mfano upo: nchini Marekani, RiffTrax wamekuwa wakiuza tangu 2006 mafaili ya sauti ya MP3 yenye maoni ya kuchekesha juu ya filamu, na mnunuzi anatafuta filamu yenyewe kwa njia yake, kisha anavicheza pamoja. Filamu haigusi mikono yao.

Sitadanganya kwamba sheria iko wazi hapa. Sheria yetu ya Hakimiliki na Haki Jirani ya mwaka 2006 inampa mwenye kazi haki juu ya tafsiri, na msimulizi anayefuata mazungumzo neno kwa neno anatafsiri, hata kama hakunakili picha. Bila makubaliano, mwenye filamu anaweza kumshtaki. Lakini leo VJ na studio hawana hata meza ya kukalia. Mwenye filamu hana njia ya kumlipisha VJ wala ya kumlipa, kwa kuwa bidhaa pekee ya VJ ni nakala iliyoibwa. Sauti ikitenganishwa na picha, kunakuwa na kitu cha kukipa leseni.

Na suala la lugha si la VJ pekee. Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Julai 2022 kukipokea Kiswahili kuwa lugha rasmi na kutaka kifundishwe kwa lazima shuleni. Huko Nakivale, Isingiro, kambi iliyoanza mwaka 1958, Kiswahili ndicho kinachowaunganisha Wakongo, Warundi na wengine. Hakuna kampuni ya kimataifa itakayotengeneza manukuu ya Kiswahili cha Bunia kwa ajili ya watu hao. Hesabu haitoki, na siwalaumu. Lakini mwalimu mmoja mwenye kompyuta anaweza kuandika manukuu ya filamu ya watoto kwa jioni chache, kama kuna programu ya kuyapokea.

Viziwi na vipofu waliyaona haya kabla yetu. Netflix ilikubali kuweka manukuu kwenye video zake zote nchini Marekani mwaka 2012, baada ya kushtakiwa na chama cha viziwi cha nchi hiyo. Maelezo ya sauti kwa wasioona yalianza Aprili 2015, baada ya mashabiki vipofu kupiga kelele. Dirisha likiwa mikononi mwa mmoja, kila mwenye hitaji la pekee hupanga foleni mlangoni kwake au huenda mahakamani.

Pingamizi zenye uzito

Matangazo. Hili nalikubali. Mwaka 2013 Microsoft iliandikia simu za Windows programu ya YouTube isiyoonyesha matangazo na yenye kuruhusu kupakua video, na Google ikaikataa. Kwa hilo Google ilikuwa na haki: matangazo ndiyo yaliyokuwa yakiwalipa wenye video. Programu yoyote ya nje kwa huduma yenye matangazo lazima iyaonyeshe, na ikiyaficha ifungiwe. Ila mama yetu alikuwa analipa ada kamili. Kwake hapakuwa na tangazo la kuibwa.

Mwaka 2024 lilitokea jambo lililo tofauti na hilo. Apple ilitoa miwani yake ya Vision Pro Februari, YouTube ikiwa haina programu kwenye kifaa hicho. Mwandishi huru Christian Selig akaiandikia moja aliyoiita Juno. Alisema programu yake inaonyesha tovuti ileile kwa sura inayofaa miwani, na haizuii matangazo. YouTube ililalamika kuhusu masharti yake na alama zake za biashara, na Oktoba programu ikaondolewa dukani. Kwa wakati huo kifaa kikabaki bila programu rasmi na bila ile ya nje. Hapo sioni aliyelindwa.

Usalama wa akaunti. Hofu ya programu bandia zinazoiba nywila ni ya kweli, na mafundi tunaiona kila wiki. Dawa yake inajulikana: mteja huingia kwenye ukurasa wa kampuni yenyewe, kampuni huipa programu kibali chenye mipaka kinachoweza kufutwa, na nywila haipiti mkononi mwa mtu wa tatu. Benki na mitandao ya kijamii hufanya hivyo kwa miaka mingi sasa. Kukosekana kwa lango rasmi ndiko kunakowasukuma watu kwenye programu za vichochoroni.

Mikataba na studio. Studio hudai ubora wa HD upelekwe kwa vifaa vya L1 tu. Hapa ndipo suala la simu ya mama linaporudi, na programu ya nje haitalitatua: L3 itabaki L3. Ningeridhika kampuni ikimwambia mteja ukweli huo kabla hajalipa. Mikataba hiyo, hata hivyo, huzungumzia moduli ya kufuli na ngazi yake. Ukubwa wa herufi za bibi haumo.

Kuna pingamizi la gharama za huduma kwa wateja, kwamba mtu akiharibikiwa na programu ya nje atapiga simu kwa kampuni. Atapiga, ataambiwa awasiliane na mwandishi wa programu. Yamekwisha.

Nani aanze

Tumeshaona mambo ya aina hii yakiamuliwa. Mwaka 1968 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliamua katika kesi ya Carterfone kwamba AT&T haiwezi kukataza kifaa cha mtu mwingine kuunganishwa na simu zake ilimradi hakiudhuru mtandao; mashine za kupokelea ujumbe na modemu zilipita kwenye mlango huo. Tume hiyohiyo ilijaribu mwaka 2016 kuzilazimisha kampuni za kebo ziruhusu programu na visanduku vya watu wengine, ikashindwa na upinzani wa kampuni na studio. Kwa hiyo sitegemei kwamba hoja nzuri inatosha.

Uganda nayo ilifanya uamuzi mzuri bila kelele. Kampala ilipohamia matangazo ya dijitali Juni 2015, kiwango kilichochaguliwa kilikuwa DVB-T2, kiwango cha wazi. Dekoda yoyote ya DVB-T2, ya chapa yoyote, hukamata chaneli za bure, na ndiyo maana televisheni ya mama haikufa siku kampuni ilipoiacha.

Sioni Tume ya Mawasiliano ya Uganda ikiiamuru kampuni ya California ifungue seva zake. Sheria ya Ushindani ya 2023 inahusu kampuni inayotumia vibaya nguvu zake sokoni, na kuthibitisha kwamba kampuni ya filamu ina nguvu hiyo kwenye nchi ambayo wengi wanatazama kwa flashi kungekuwa kichekesho. Lakini kampuni hizi zimekwisha ingizwa kwenye vitabu vyetu: tangu Julai 2023 watoa huduma za kidijitali wasio wakaazi hutozwa asilimia 5 ya mapato yao ya Uganda. Anayekusanya kodi anaweza pia kuuliza maswali. Sharti ambalo ningeanza nalo ni dogo: kampuni ikiacha kuhudumia kifaa kilichokuwa kikitumika na wateja wa Uganda wanaolipa, ichapishe lango la kuwezesha programu nyingine kuwahudumia kwa moduli ileile ya kufuli, au imrudishie mteja ada ya muda uliobaki. Kampuni itachagua iliyo nafuu kwake. La pili ni lango la manukuu na sauti za nje, ambalo haligusi video hata kidogo: mtumiaji apakie faili lake kwenye programu rasmi, kama VLC inavyofanya tangu zamani. Hili la pili mhandisi mzuri anaweza kulimaliza kwa muda mfupi, na kwa mtazamo wangu ndilo lingerudisha wateja wengi zaidi Katwe, Arua na Nakivale, hata kama lile la kwanza litakwama mezani kwa miaka.